JUALA NA SHERIA YAKE
Maneno waliyoambiwa watu wa Kianda

(Hotuba hii ilitolewa na mfasiri wa Serikali mbele ya baraza la watu wa Kianda, Kibera. Twaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani.)



Nimeombwa nije niwaelezeni sheria zilizowekwa juu ya mifuko ya plastiki na juu ya takataka. Kazi yangu ni kufasiri. Sheria huandikwa kwa Kiingereza, nami hupewa niigeuze iwe Kiswahili ili ifahamike kwa kila mtu. Basi sikuja kumtisha mtu, wala sina amri ya kumkamata mtu. Nimekuja kuwasomea yaliyoandikwa, kisha niseme na yale yasiyoandikwa lakini yafaayo kusemwa hapa Kianda, maana sheria ni moja lakini haiwafikii watu wote kwa njia moja.

Kwanza nataka tusikilizane juu ya jina. Kitu hiki kina majina mengi. Vitabuni chaitwa mfuko wa plastiki. Hapa Nairobi wengi husema juala, wengine husema nailoni, na wengine tena husema "karatasi", ingawa si karatasi hata kidogo. Jina hilo la mwisho limetutaabisha sana sisi wafasiri. Mwuza mboga akiambiwa atumie karatasi badala ya plastiki huuliza ni karatasi gani, kwa sababu kwake ile nyeusi yenye mikono ndiyo karatasi. Kwa hiyo leo nitasema "juala" kwa kile kilichokatazwa, na "karatasi" kwa karatasi ya kweli, ile inayolowana mvuani na kuoza.

SHERIA YASEMAJE?

Amri ya kukataza majuala ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nayo ni Tangazo namba 2356 la mwaka wa 2017. Aliyelitoa ni Profesa Judi Wakhungu, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mazingira. Watu walipewa miezi 6 ya kujitayarisha. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 ikawa ni kosa kutengeneza majuala, kuyaleta kutoka nchi nyingine, au kuyatumia kwa kufungia vitu vya biashara na vya nyumbani.

Tangazo lenyewe ni fupi, nalo lataja aina mbili tu: mfuko wenye mikono, na mfuko usio na mikono. Nawaomba muishike sana aina ya pili. Wako watu wengi wanaodhani kwamba lile juala dogo jembamba, la kutilia sukari ya kupima au sukuma wiki iliyokwisha katwa, halikuguswa na sheria kwa kuwa ni dogo na halina mikono. Limeguswa. Mwuzaji akikutwa nalo hawezi kujitetea kwa udogo wake.

Adhabu yake imo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira. Ni faini isiyopungua Shs. 2,000,000 na isiyozidi Shs. 4,000,000, au kifungo cha mwaka 1 hata miaka 4, au yote mawili pamoja. Nilipoifasiri hesabu hiyo nilirudi kutazama tena karatasi ya Kiingereza, nikihofu nimeongeza sufuri. Sikuwa nimeongeza. Adhabu hiyo iliwekwa ikiwafikiria wenye viwanda na waingizaji wa mali, lakini mstari wa sheria haumtengi mwenye kiwanda na mwenye meza ya nyanya. Tangu mwaka wa 2017 wachuuzi nao wamekamatwa na kufikishwa kortini.

Kilichoruhusiwa ni kile kifungashio kinachogusa bidhaa palepale kiwandani. Mkate uliofungwa na mwoka mikate, au unga uliotiwa mfukoni na msagaji, hauna hatia. Chupa za maji nazo hazimo katika Tangazo la 2017. Lakini tangu tarehe 5 Juni 2020 kuna amri nyingine: mtu haruhusiwi kuingia na plastiki za kutumika mara moja, yaani chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija, katika mbuga za wanyama, misitu ya Serikali, na fuo za bahari zilizohifadhiwa. Walimu waliopo hapa nawaomba wakumbuke jambo hili wanapowapeleka watoto kutazama wanyama, au hata kutembea tu katika ule msitu wa Ngong Road ulio jirani yenu. Mtoto apewe chupa ya kudumu, siyo ile ya kununua njiani.

Mzee mmoja ataniuliza, mbona mambo haya yalianza ghafula? Hayakuanza ghafula. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004, alikuwa akisema mapema sana kwamba majuala yaliyotupwa hushika maji ya mvua, na maji hayo huzaa mbu. Serikali ilijaribu mara mbili, mwaka wa 2007 na mwaka wa 2011, kukataza majuala yaliyo mepesi kupita kipimo fulani. Amri hizo hazikushika. Sababu yake si ngumu kuijua: ziliangalia unene, na sokoni hakuna mtu mwenye chombo cha kupima unene wa juala. Wakati wa amri ya 2017, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo hapa Nairobi, Gigiri, lilikuwa likikadiria kwamba maduka makubwa peke yake yalitoa majuala kama milioni 100 kwa mwaka. Wenye viwanda walikwenda kortini kuipinga amri, na mwezi wa Juni mwaka wa 2018 korti ikaamua kwamba amri ni halali. Majirani zetu nao wamepita njia hiyohiyo. Rwanda ilitangulia mwaka wa 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Unguja na Pemba walikwisha anza tangu mwaka wa 2006.

MTO UNAPITA HAPA

Watu wa mitaa yenye magari ya taka huona juala kuwa uchafu wa macho tu. Ninyi wa Kianda mwajua zaidi, kwa sababu mwakaa juu ya mteremko na maji yote hushuka. Mvua ikinyesha usiku, mtaro ulioziba kwa majuala haupitishi maji, nayo maji huingia nyumbani kwa mlango, tena yakiwa yamechanganyika na kila kitu kilichokuwa mtaroni. Mafuriko ya Aprili na Mei mwaka wa 2024 yaliwaonyesha watu wa Nairobi jambo hilo kwa uchungu.

Maji yakitoka hapa hushuka katika mto Motoine, yakafika katika Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953, na zamani watu waliendesha mashua za tanga juu yake. Baadaye likajaa matope na takataka, na gugu maji likalifunika hata mgeni akalidhani shamba. Toka hapo mto waitwa Ngong, unapita karibu na viwanda na Mukuru, unaungana na mto Nairobi, kisha maji yaingia Athi, ambao ukifika pwani waitwa Sabaki na kumwaga baharini karibu na Malindi. Juala lililotupwa katika mtaro wa Kianda laweza kufunga safari hiyo yote. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki zilizookotwa, likaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Watu walilishangilia. Mimi nililiona kama barua iliyotumwa na watu wa pwani kwetu sisi tunaokaa kwenye chanzo cha maji.

Na ng'ombe je? Kabla ya amri, katika machinjio ya Nairobi, wengine walipasuliwa wakakutwa na majuala tumboni, hata 20 kwa ng'ombe mmoja. Nyama hiyo tulikula sote.

MEZA YA MCHUUZI

Sasa nije kwenye biashara, maana najua hapa ndipo penye maswali. Katika Kianda, kama vile Kawangware pale 46, watu wengi hununua kwa kadogo: mafuta ya kupikia ya shilingi chache, sukari ya chai ya leo, maziwa ya mtoto, sukuma wiki iliyokatwa tayari. Mtu anunuaye gunia la mchele hana haja ya juala. Anayelihitaji ni yule anunuaye robo ya robo. Juala lilikuwa halimgharimu mnunuzi kitu, na mwuzaji aliliona kama sehemu ya adabu. Sheria ilipoliondoa, gharama ya chombo ilimwangukia yule mwenye kununua kidogo. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu sioni faida ya kuficha jambo ambalo kila mama hapa alijua siku ya kwanza.

Basi tufanyeje? Kwa vitu vikavu, dawa ni ileile waliyokuwa nayo bibi zetu: kiondo au kikapu. Kiondo cha mkonge chadumu miaka. Kwa mafuta na maziwa, mteja na aje na chupa yake yenye kifuniko, iliyooshwa kwa maji ya moto. Na mwuzaji asimdharau ajaye na chupa, maana amemwondolea hatari. Mboga iliyokatwa yachukulika katika bakuli lenye kifuniko. Chapati na mandazi zafungwa vizuri katika karatasi safi isiyoandikwa. Gazeti la zamani si zuri kwa chakula cha moto chenye mafuta, kwa kuwa wino hutoka ukaingia katika chakula. Gazeti hili mnalosoma nalo msilifungie mandazi, ingawa najua mtafanya hivyo.

Iko mifuko mingine iuzwayo madukani ambayo watu huiita ya kitambaa. Itazameni vizuri. Mingi yake imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na ile hafifu huchanika baada ya safari mbili tatu ikawa takataka kama juala. Afadhali mfuko mmoja mzito wa pamba, au wa gunia, ulioshonwa na fundi wa hapa hapa kijijini. Tena fundi apata riziki.

Majuala bado yaonekana, hilo nalo nalijua. Huingizwa kwa siri kupitia mipakani, yakafichwa chini ya mizigo, yakauzwa kwa bei ya juu. Mchuuzi ayanunuapo hulipa zaidi kuliko zamani, na hatari ya kortini ni yake, wala si ya yule aliyeyapitisha mpakani.

Kabla sijaondoka mezani pa mchuuzi, nina neno juu ya jiko. Wapo wapishi wa githeri na maharagwe wanaofunika sufuria kwa juala ili mvuke usitoke na makaa yasiishe upesi. Wapo pia wanaowasha jiko kwa kipande cha plastiki. Nafahamu bei ya makaa. Lakini plastiki ikipata joto hutoa vitu vilivyomo ndani yake vikashuka katika chakula, na ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ambao katika chumba kimoja kisicho na dirisha huvutwa na mtoto aliyelala. Sufuria yafaa ifunikwe kwa kifuniko, au sinia, au jani la mgomba. Na jiko liwashwe kwa vijiti au karatasi, naam, karatasi ya kweli.

NENO LA USIKU

Sasa nitasema neno ambalo katika mabaraza mengi watu hulipita upesi kwa haya. Lakini tukilinyamazia, hotuba hii haitawafaa ninyi wa Kianda.

Juala hapa halikuwa chombo cha sokoni tu. Lilikuwa choo cha usiku. Wageni wamekuja na kamera zao, wakalipa jambo hili jina la mzaha, "choo kirukacho", na likaandikwa hata katika ripoti ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2006. Mimi sioni mzaha ndani yake. Mwanamke mwenye mtoto anayeharisha saa nane za usiku, choo kipo mbali, njia haina taa, na mlango wa choo umefungwa kwa kufuli tangu jioni: mwanamke huyo hana mambo mengi ya kuchagua. Kuna waliotoka wakashambuliwa njiani. Aliyebaki ndani na juala lake hakuwa mchafu wala mjinga. Alikuwa analinda mwili wake.

Mwaka wa 2008 watafiti walifanya hesabu hapa Kianda, wakakadiria watu 15,219 katika kijiji hiki kimoja. Hebu mtu ajiulize vyoo vinavyofunguliwa usiku ni vingapi kwa watu hao. Na vile vya kulipia navyo vina hesabu yake. Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mmoja aingia chooni mara mbili kwa siku kwa shilingi 10. Hiyo ni Shs. 120 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni Shs. 3,600. Fedha hizo zaweza kukaribia kodi ya chumba kizima.

Hivyo basi, amri ya Agosti 2017 ilipotoka, iliondoa katika mtaa wa matajiri kifuko cha kubebea ununuzi, na katika Kianda ikaondoa pia choo cha usiku, bila kuleta kingine mahali pake siku ileile. Tangazo namba 2356 halina neno hata moja juu ya vyoo. Mimi nimelisoma kutoka mwanzo hata mwisho katika lugha mbili.

Silitaji jambo hili ili mtu arudie juala. Kinyesi kilichofungwa katika juala na kutupwa juu ya paa au mtaroni hurudi kwa watu wale wale katika maji. Mabomba ya maji hapa mengine yapita ndani ya mitaro. Bomba likipata tundu, uchafu huingia, na mtu huchota kipindupindu au homa ya matumbo katika mtungi wake. Mwaka uleule wa 2017 kipindupindu kiliwashika watu Nairobi, wakiwamo wageni waliokula chakula katika mikutano ya hotelini. Ugonjwa huo haukuuliza mtu anakaa mtaa gani.

Njia nyingine zimejaribiwa, nazo hazikuanzia maofisini zote. Wasweden walitengeneza mfuko mdogo unaooza, wenye dawa ya urea ndani yake iliyoua vijidudu, mfuko ukakusanywa na kugeuzwa mbolea. Uliuzwa hapa Kibera katika miaka ya 2010. Ulisaidia, lakini ulihitaji mtu wa kuukusanya kila siku na fedha za kuutengeneza, na fedha za wafadhili zina mwisho. Majirani zenu wa Gatwekera walijenga, pamoja na Umande Trust, nyumba ya vyoo iitwayo Tosha, ambayo uchafu wake hutiwa katika tangi chini ya ardhi na kutoa gesi ya kupikia. Nyumba ya namna hiyo huendeshwa na chama cha wenyeji, mapato hubaki kijijini, na mtu hupika chai kwa kile alichokuwa akikiogopa. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko mfuko wowote, ila yahitaji kiwanja, na katika Kibera kiwanja ndicho kitu adimu kuliko vyote.

Nyumbani, kwa wakati huu, mama mwenye mtoto mdogo au mgonjwa na awe na ndoo yenye kifuniko kinachobana, itiwe majivu baada ya kila haja, na asubuhi imwagwe chooni, kisha ioshwe na mikono ioshwe kwa sabuni. Jambo hili si geni. Wazazi wetu walikuwa na chombo cha namna hiyo chini ya kitanda. Ndoo haivunji sheria.

TAKATAKA ZITENGWE

Mwaka wa 2022 ilitoka sheria nyingine, Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka, iliyotiwa sahihi mwezi wa Julai mwaka huo. Hiyo haishughuliki na juala peke yake. Yashughulika na takataka zote. Neno lake kubwa ni kutenga. Taka zinazooza, kama maganda ya viazi na mabaki ya ugali, zikae mbali na taka kavu kama chupa, makopo na karatasi. Aprili mwaka wa 2024 NEMA, ndiyo Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ikatoa ilani kwamba baada ya siku 90 taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya plastiki ya kawaida, ila katika mifuko iozayo yenyewe.

Katika shule ya misheni niliyosomea tulikuwa na mashimo mawili nyuma ya jiko, moja la maganda na moja la vitu visivyooza, na mvulana aliyekosea shimo alifagia uwanja wiki nzima. Tulinung'unika. Lakini shimo la kwanza ndilo lililootesha mboga tulizokula. Hapa Kianda hakuna mahali pa kuchimba mashimo mawili. Hata hivyo ndoo mbili zapata nafasi, na maganda yanatakiwa na wafugaji wa nguruwe na mbuzi, pamoja na wale wanaopanda sukuma wiki katika magunia mlangoni. Chupa za plastiki zina bei kwa kilo. Vijana wanaozikusanya wasiitwe machokora, maana wafanya kazi ambayo sheria yenyewe yaitambua kuwa kazi.

Tena sheria ya 2022 imeleta jambo jipya ambalo mimi binafsi nililifasiri kwa furaha. Yasema kwamba mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa ana wajibu juu ya kifungashio chake hata baada ya kukiuza, na kanuni za kulitimiza hilo zikatangazwa Novemba mwaka wa 2024. Kwa miaka mingi mzigo wote ulikuwa juu ya yule aliyekutwa na kitu mkononi mwisho wa safari. Kwa maneno ya kanuni hizi, aliyekianzisha naye ataulizwa.

NI KAZI YA NANI?

Mtu akitenga taka zake na gari lisije, zitachanganyika tena mtaroni kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo yapasa mjue kila kazi ni ya nani. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 43 yampa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na hapo ndipo choo kilipo. Jedwali la Nne la Katiba laweka uzoaji wa taka na majaa ya taka mikononi mwa Serikali ya Kaunti. Taka za Nairobi zimekuwa zikipelekwa Dandora tangu miaka ya 1970. Jaa hilo lilisemwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na mwaka wa 2021 korti ikaagiza lifungwe katika miezi 6. Miezi hiyo ikapita, na magari yakaendelea kwenda. Nawatajieni haya ili mjue kwamba kutotii amri za takataka si tabia ya wachuuzi peke yao.

Makadirio ya fedha za Kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo sheria yataka wananchi waitwe waseme. Matangazo ya mikutano hiyo hutolewa magazetini na katika ofisi za wadi, mara nyingi kwa Kiingereza, na mara nyingi siku chache tu kabla. Mkiona tangazo msilolielewa, lileteni kwa mtu wa kulisoma. Nami nikiwapo nitalisoma.

Mkienda huko msiende na malalamiko matupu, maana karani hana mahali pa kuyaandika. Nendeni na hesabu. Gawaneni njia kwa njia, mwandike nyumba ngapi zatumia choo kimoja, choo hicho chafungwa saa ngapi, chalipiwa shilingi ngapi, taa iliyo karibu nacho yawaka au haiwaki, na gari la taka lilionekana lini mara ya mwisho. Akina mama ndio watakaojibu swali la saa za kufungwa kuliko wanaume. Basi kalamu na daftari apewe mmoja wao.